Bao la Mganga

Mwalimu akistaafu hapa Bariadi hutegemewa afuge kuku. Mimi nilifuga kwa miezi minne, wakaisha wote kwa kideri, nikaanza kutafsiri wanasoka wa Kiingereza.

Si kwamba nilipenda mpira. Katika miaka yangu yote ya ualimu nilikuwa wa kwanza kuomba ruhusa siku ya mechi ya walimu na wanafunzi. Lakini kuna kamusi elezo kubwa ya bure kwenye mtandao, inaandikwa na yeyote mwenye simu na muda wa kupoteza, na toleo lake la Kiswahili lina njaa ya makala. Wakatangaza shindano: atakayetafsiri makala nyingi kuliko wenzake atapewa fulana. Nimefundisha vitenzi vya Kiingereza zaidi ya miaka thelathini, na fulana pekee nilizowahi kupewa ni za kampeni za uchaguzi. Nikajiandikisha siku hiyo hiyo.

Niligundua mapema kwamba maisha mepesi kutafsiri ni ya washambuliaji wa Kiingereza wa mwanzoni mwa karne iliyopita. Wanasayansi wana maneno magumu, na wanasiasa kila sentensi yao ina ugomvi. Mshambuliaji amezaliwa kwenye mji wa makaa ya mawe, amecheza, amehamia timu nyingine, ameumia goti, vita vimemkatiza, amefungua baa, amefariki. Ukishamaliza mmoja, wa pili unabadilisha mji na goti. Nilikuwa natoa wawili kwa siku kabla ya kupika mchana.

Yule wa kumi na tatu au wa kumi na nne ndiye aliyeniingiza matatani. Simtaji jina, na hata kwao sidhani kama yupo anayemtaja. Alikuwa mshambuliaji wa kati, mtoto wa mchimba makaa, akaanza kwenye timu ya kanisa, akachukuliwa na klabu ya mji wa jirani, kisha na klabu kubwa, akaitwa timu ya taifa mara moja na hakuitwa tena. Makala yake ilikuwa na chanzo kila mstari. Mtu amefunga bao Jumamosi moja ya mvua, zaidi ya miaka mia iliyopita, na juu ya sentensi kuna namba ndogo inayokupeleka kwenye gazeti lililoiona mvua ile. Kama alikuwa na mke, haikuandikwa. Kama alikuwa mchoyo, au mcheshi, au aliwahi kumpiga mtu, hakuna. Mabao yalikuwepo yote.

Wakati huo baba yangu mdogo alikuwa na kidonda. Huyu ni mdogo wake wa mwisho marehemu baba, mzee wa miaka sabini na kitu, mrefu, mbishi, mkulima wa pamba na Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka. Kisukari kilikuwa kimeingia mwilini mwake miaka mingi nyuma na yeye akakichukulia kama mgeni ambaye hakualikwa. Hakumfukuza na wala hakumwandalia chochote. Kidonda kilianzia kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Nilipoanza kwenda kumwona kila alasiri, nyumbani kwake nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Lamadi, mguu ulikuwa unapumzishwa juu ya stuli, umefungwa bandeji hadi juu ya kifundo, na ulikuwa na harufu ambayo wote tulijifanya hatuisikii.

Mgonjwa na mstaafu hawana habari nyingi za kupeana. Tulimaliza bei ya pamba, tukamaliza wagonjwa wenzake, nikajikuta namsimulia Mwingereza wangu. Kuanzia hapo nikawa siulizwi tena habari za nyumbani.

"Mwadila, baba mdogo," namwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Mwingereza wako amefika wapi?"

Huniita mayu, mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Heshima hiyo haijawahi kumzuia kunifokea. Nikisoma kwamba Mwingereza alifunga, alitaka kujua kwa mguu upi, na nikisema gazeti halikusema, alinitazama kana kwamba uvivu ni wangu. Niliposoma kwamba msimu mmoja alicheza mechi chache tu, akanikatiza. "Goti," alisema. Nikashuka mistari miwili, kweli likawa goti. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyekuwepo. Ile mechi moja ya timu ya taifa ilimkasirisha kwa wiki nzima. "Walimfanyia," alisema. "Mtu haitwi mara moja tu. Pale kuna mpwa wa mwenyekiti."

Siku moja aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Na mganga wa timu yake hajaandikwa?"

"Hakuna mganga hapa, baba mdogo. Waingereza hawakuandika habari za waganga."

"Ndiyo maana basi," akasema polepole. "Ndiyo maana mabao yote ni yake."

Hapo lazima nieleze habari ambayo kila mtu wa Bariadi mwenye mvi anaijua, na anaijua vibaya.

Miaka hamsini iliyopita, mkoa wetu wa Simiyu ukiwa bado haujazaliwa na sisi tukiwa Shinyanga, baba mdogo alikuwa namba tisa wa timu ya kiwanda cha kuchambua pamba. Walifika fainali ya wilaya dhidi ya timu ya stesheni ya Malampaka. Kila timu wakati huo ilikuwa na kamati ya ufundi, na wasomaji wenye umri wangu wanajua kwamba kamati hiyo haikushughulika na ufundi wa aina yoyote. Kazi yake ilikuwa kutafuta mganga. Mganga aliyepatikana aliagiza wachezaji wasiingie kwa geti, waruke ua wa minyaa, waingie uwanjani kinyumenyume, na namba tisa asisalimiane na mtu tangu jana yake. Baba mdogo alitii yote. Alimpita mama yake mzazi njiani bila kumwamkia, na bibi alimnunia hadi mavuno.

Zikiwa zimebaki dakika chache akapata mpira, akamgeuza beki, akabaki yeye na kipa. Akapiga. Kipa aliruka upande mwingine kabisa, akaanguka chini akiwa amekumbatia hewa. Watu wote walimwona akiinuka, mikono bado ameifunga kifuani, akifungua taratibu kutazama alichokamata. Hakikuwepo kitu. Mpira ulikuwa wavuni. Kipa akapiga kelele kwamba ameona mipira miwili, na kwamba alioudaka ulikuwa ule mwingine.

Ushahidi gani tena ulihitajika? Watu wakaingia uwanjani, wakambeba mganga juu juu, wakamzungusha uwanja mzima. Namba tisa alirudi nyumbani kwa miguu, njumu begani. Hata mama mdogo, ambaye alikuja kuolewa naye mwaka uliofuata, anakiri kwamba siku ile alimshangilia mganga, na hakumbuki kama alimwona mfungaji. Msimu uliofuata kamati ikakaa ikaona kwamba kama dawa ndiyo inayofunga, mguu wowote unatosha, wakampa namba tisa mpwa wa mwenyekiti. Mpwa hakufunga hata bao moja. Wakabadilisha mganga.

Tangu siku hiyo linaitwa bao la mganga. Linatajwa kwenye harusi, kwenye vilabu vya pombe, na nimewahi kulisikia hata likitolewa mfano kanisani, japo sikumbuki lilikuwa linafundisha nini. Na mimi, mwanamke niliyesoma, nisiyeamini dawa wala mizimu, nilikuwa naliita hivyo hivyo maisha yangu yote, tena mbele yake, kwa kucheka. Naona haya kuliandika.

Mwezi huo huo madaktari wakamwambia mguu ukatwe. Walimweleza vizuri, kwa upole, mara mbili. Ukikatwa sasa utakatwa chini ya goti. Akichelewa, juu ya goti. Akichelewa zaidi hakutakuwa na haja ya kukata. Wakampa fomu ya ridhaa aje nayo nyumbani aifikirie. Akaifikiria kwa kuikalia.

Mama mdogo alilia, watoto wake wakapiga simu kutoka Mwanza na Dar es Salaam, katekista akaja na maji ya baraka. Mzee akaikalia fomu wiki baada ya wiki. Mimi nilipomwuliza anaogopa nini, alinijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza mambo ya mahakama ya mwanzo.

"Siogopi. Mguu huu bado una kesi."

"Kesi gani?"

"Lile bao ni la nani? Wakishaukata wanautupa. Nikiutoa mguu kabla haujapewa haki yake, nani atakuja kuusemea? Mwingereza wako amekufa zamani na mguu wake unasomwa na wewe kila siku. Wangu upo hapa, mzima, nusu mzima, na hakuna anayeujua." Akaugonga mguu juu ya goti. "Tafuta mtu aseme. Akisema, naweka sahihi."

Nilikasirika. Nilimwambia ni mzee mzima anataka kufa kwa ajili ya mchezo wa watoto. Nilimwambia na mambo mengine, ya mama mdogo na wajukuu, na nilisema kwa sauti ya darasani. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akaniuliza kama Mwingereza alipona goti.

Usiku ule nilifanya nilichojua kufanya: nikafungua ukurasa mpya kwenye kamusi elezo, nikaandika jina lake juu, na nikakwama kwenye sentensi ya kwanza, kwa sababu pale panatakiwa chanzo. Yule Mwingereza aliyefeli timu ya taifa alikuwa na vyanzo vya kujaza debe. Huyu wangu hakuwa na hata kipande cha gazeti. Nikakumbuka kwamba aliyekuwa katibu wa timu ya kiwanda bado yu hai, anaishi Binza, pale Maswa mjini. Asubuhi nikaenda.

Katibu alikuwa amepofuka lakini anajua kila kitu kilipo. Alinielekeza sanduku, nikatoa daftari la timu, gumu, lenye jalada jekundu, nikafungua hadi siku ya fainali. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana, wa watu waliofundishwa kwa fimbo. Iliandikwa: "Tumeshinda moja kwa bila. Pongezi nyingi kwa Kamati ya Ufundi. Mchezo ulikuwa mzuri." Chini yake kulikuwa na orodha ya waliochangia soda.

"Mfungaji hukumwandika, mzee," nikamwambia.

"Mfungaji?" Akafikiri. "Nilimwandika. Si nimeandika kamati?"

Basi kikabaki chanzo kimoja duniani. Nikaendelea hadi Malampaka kumtafuta kipa.

Sikupata shida kumpata. Alifanya kazi stesheni hadi akastaafu, na nyumba yake ipo karibu na reli, na niliyemwuliza njia alinijibu, "Yule wa mipira miwili?" Nilimkuta kivulini mwa nyumba yake, mzee mfupi, mpana, amenyooka. Nilipomwambia natoka Bariadi alinyanyuka kabla sijamaliza shikamoo na kuanza kunionyesha. Alikuwa amelisimulia mara nyingi kiasi kwamba mikono ilikwenda yenyewe: huu mpira wa kwanza, huu wa pili, huu unang'aa, huu una giza kidogo, naye anachagua unaong'aa. Alifika mahali pa kufungua mikono kifuani, akasubiri nicheke. Nilicheka. Ilikuwa inachekesha.

Kisha nikamweleza kilichonileta. Akakaa.

"Mwalimu," alisema, "unajua walitaka kunifanya nini siku ile? Timu yangu walisema nimekula rushwa. Walikuwa wananisubiri na fimbo. Mipira miwili ndiyo iliyonirudisha nyumbani mzima. Na tangu siku hiyo sijakosa kiti kwenye sherehe yoyote ya hapa Malampaka. Wajukuu zangu wananitania, wageni wananitafuta, kama wewe. Nikisema nilifungwa tu, kama kipa yeyote, nitabaki na nini?"

"Ilikuwa mipira mingapi, mzee?"

Akatazama reli. "Nilikuwa na miaka ishirini na mbili," akasema.

"Kuna mguu unaoza Bariadi."

"Si mimi niliyemwambia asiukate."

Niliondoka bila kuaga vizuri, jambo ambalo mama yangu asingenisamehe. Njia nzima nilimtukana moyoni, na kila nilipomtukana niliona alikuwa na haki yake. Mtu mmoja alinyang'anywa bao, mwingine akapewa badala yake hadithi ya kuishi nayo. Mimi nilikwenda kumwomba huyu wa pili arudishe alichopewa, bila kumletea kingine. Hata shindano langu lilikuwa na fulana.

Baba mdogo nilimwambia kipa amesafiri.

"Amekataa," akasema. Hakusema kwa hasira. Siku ile hakuuliza habari za Mwingereza, na nilipomsomea bila kuulizwa, Mwingereza akiwa ameshafika vitani, mzee alikuwa amesinzia na paji la uso linawaka.

Siku ya tatu homa ikapanda na mama mdogo akaita ukoo. Tulikuwa watu kumi na kitu pale uani, kila mmoja na hotuba yake, na shangazi mmoja alikuwa ameanza kusema kwamba mtu anaweza kuwekewa sahihi na mkewe. Mzee amelazwa kwenye kitanda cha kamba kivulini, mguu juu ya mto, macho amefumba makusudi. Ndipo akaingia mzee mfupi, mpana, koti la kanisani, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa peke yake. Aliamkia kila mtu mmoja mmoja kwa Kisukuma, akakataa kiti, akasimama upande wa miguu ya kitanda.

Baba mdogo akafumbua macho. Walikuwa hawajaonana tangu siku ile. Umbali wa Bariadi na Malampaka si wa kuuita safari, lakini hakuna aliyewahi kuifunga.

"Nkoi," alisema kipa, yaani rafiki yangu, na hiyo peke yake ilikuwa ajabu. "Nimekuja kusema mbele ya watu. Mpira ulikuwa mmoja."

"Haitoshi," akasema baba mdogo.

Kipa akavua koti, akalikunja, akampa shangazi yetu alishike. Akapanua miguu kidogo, mikono mbele. Mzee wa miaka sabini na ngapi akasimama golini katikati ya ua wetu, kati ya jiko na banda la mbuzi.

"Ulipobaki na mimi," akasema, "hukuutazama mpira. Ulitazama hapa." Akaonyesha mkono wake wa kulia. "Uliweka macho hapa, na bega ukaliweka hapa. Mimi nikaenda hapa. Wewe ukapiga kule."

Baba mdogo alijiinua kwa viwiko. Sijawahi kuona uso wa namna ile kwa mtu mzima. "Uliniona?"

"Nilikuona. Nilikuwa nimeshapaa."

"Uliona jicho?"

"Niliona jicho, nkoi. Nikiwa hewani nikajua. Nilikumbatia hewa nikiwa najua kabisa ni hewa. Sikuwahi kudanganywa vile, kabla wala baada." Akashusha mikono. "Ulikuwa unajua mpira."

Mzee wangu akalia. Si machozi yale ya kizee yanayotoka yenyewe. Alilia kwa sauti, mbele ya wakwe, na hakuna aliyemnyamazisha. Nami nililia, kwa furaha na kwa haya, maana nilikuwa nimekaa na mtu huyu alasiri zote zile nikimsomea mabao na goti la mtu wa mbali. Katika miaka hamsini hakumwambia mtu habari ya lile jicho. Nilimwuliza baadaye kwa nini. Alisema mtu akishakuambia bao ni la mganga, ukimweleza habari ya macho atasema na macho yalipakwa dawa.

Mama mdogo ndiye aliyetukumbusha kazi. Alimsukuma mumewe ubavuni, akatoa fomu ya hospitali chini yake ikiwa imekunjamana, akaomba kalamu. Mzee akaweka sahihi mwenyewe. Kesho yake wakaukata, na kwa sababu ya zile wiki zilizopotea, waliukatia juu ya goti. Hilo sijalisamehe. Sijui tu nimnyime nani msamaha.

Ukurasa niliuandika akiwa bado wodini. Nilijivunia: sentensi fupi, hakuna mbwembwe, nikaeleza jicho na bega, na kwenye chanzo nikaweka mazungumzo ya ana kwa ana na kipa. Ulidumu siku mbili. Mtu mwenye adabu sana, sijui yuko nchi gani, aliufuta na kuniandikia kwamba mhusika hana umaarufu wa kutosha, na kwamba kipa aliyefungwa hawezi kuhesabiwa kuwa chanzo huru. Nikajiuliza chanzo gani kinaweza kujua zaidi kuliko kipa aliyefungwa, lakini sikubishana. Mwingereza yupo mpaka leo, mabao yote, kwa Kiswahili changu safi. Fulana nayo nilishinda. Inanibana mabegani.

Baba mdogo nilimwambia ukurasa umefutwa. Nilidhani ataumia. Alisema kwani Mwingereza ana nani wa kuja kukaa naye. Maana kipa alikuwa anakuja. Kila baada ya wiki mbili hivi alishuka Bariadi na koti lake lile, na wazee wawili walikaa uani kutwa nzima wakibishana juu ya beki ambaye wote walishamsahau jina.

Siku moja ya hizo, nami nikiwepo, walikuja majirani kutoa pole, watu wa heshima, wazee wa kanisa wawili na mke wa mmoja wao. Walikunywa chai, walimsifu mgonjwa kwa kupona, wakatazama mahali mguu ulipokuwa. Kisha mmoja wao akasema kwa upole kabisa, akimfariji, kwamba ndivyo ilivyo, mganga alikopesha mguu ule na sasa amekuja kuuchukua. Wenzake wakaitikia. Ilionekana ni jambo ambalo mji mzima ulikuwa umeshakubaliana nalo, na sisi tu ndio hatukupewa habari.

Kabla sijafungua mdomo, kipa alikuwa ameshasimama.

"Hakuna mganga," akasema. "Mpira ulikuwa mmoja. Mimi ndiye kipa. Nilidanganywa na macho, nikafungwa. Huyu ndiye aliyenifunga, kwa mguu wake, kwa akili yake. Mipira miwili niliitunga mimi, kwa woga."

Walimtazama kwa huruma kubwa. Yule mama akaweka kikombe chini taratibu. "Masikini," akamnong'oneza mumewe, si kwa siri sana. "Huyu naye wamemfunga mdomo kwa dawa."

Kipa akataka kuanza upya. Alipanua miguu, akainua mikono, na nikaona ataonyesha jicho na bega kwa watu hawa, na kesho kwa wengine, na kesho kutwa, na kila atakapoonyesha watamwonea huruma zaidi. Kiti chake cha Malampaka alikuwa ameshakipoteza. Aliniambia siku hizi wakimwita kwenye sherehe wanamweka nyuma. Baba mdogo akanyoosha mkono, akamshika pindo la koti, akamvuta chini.

"Kaa, nkoi. Usijichoshe."

"Lakini hawaamini."

"Waache. Bao ni la watu wawili tu, aliyefunga na aliyefungwa. Hawa walikuwa watazamaji."